Nyuki Mlangoni mwa Nyumba ya Kuuza

Nyumba yangu ya Ipuli, mjini Tabora, niliiuza kwa sababu mdogo wangu alipofuka. Naliweka jambo hili mwanzo ili msomaji asidhani kwamba nilihama kwa kuuchoka mji au kwa kugombana na majirani. Mji sikuuchoka, na majirani ndio hasa wanaonifanya niyaseme haya. Sikupata kuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, nami nimemwonya aandike nisemavyo, asiniongezee maneno matamu ambayo sikuyatamka.

Mdogo wangu anaishi nje kidogo ya mji wa Urambo, katika boma aliloachiwa na marehemu mumewe, mkulima wa tumbaku. Macho yake yalianza kufifia pembeni, akawa anaona kama mtu achunguliaye kwenye tundu la ufunguo. Kila alipoambiwa aende hospitali alijibu kwamba atakwenda baada ya kuuza tumbaku. Tumbaku iliuzwa misimu mitatu, yeye hakwenda. Alipokwenda, daktari alimweleza kwa upole kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Watoto wake wako mbali, kila mmoja na maisha yake, na siwalaumu.

Nilimwita aje kukaa nami Tabora. Akakataa.

"Dada, hapa najua kila jiwe," alisema. "Jikoni ni hatua tisa kutoka mlangoni. Chooni ishirini na mbili. Nikija kwako nitapofuka mara ya pili."

Kiangazi kile akashikwa na homa, akalala siku mbili bila mtu wa kumchemshia maji. Habari iliponifikia niliamua palepale. Yeye hawezi kuja. Basi mimi nitakwenda. Lakini nyumba yake ilikuwa imebakiwa na chumba kimoja tu kizima, kingine kilikwisha anguka paa, na fedha ya kukijenga upya na kukiezeka haikuwapo kwake wala kwangu. Iliyokuwapo ni nyumba yangu. Mvua zilikuwa zimebakiza miezi miwili hivi. Ama nyumba iuzwe kabla ya mvua, ama mdogo wangu akae msimu mzima wa mvua peke yake gizani.

Nikamwita dalali. Alikuwa kijana wa mtaani kwetu, aliyekaa Dar es Salaam miaka miwili akarudi na viatu vyeupe na maneno mengi. Mteja wa kwanza aliyemleta hakushuka hata kwenye pikipiki. Wa pili aliuliza kama nyumba ile bado inakaliwa na watu, nami nimesimama mlangoni, nimevaa kanga zangu. Wa tatu alitaka kujua bei ya kiwanja peke yake, maana nyumba angeivunja. Mara ya nne dalali alikuja bila mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mteja yuko wapi?"

"Amegeuzia pale kona."

"Amepatwa na nini?"

"Ameiona nyumba."

Nilimtazama mpaka akaanza kujikuna shingo. Hata hivyo hakuondoka, na leo namshukuru kwa ujasiri wake.

"Bibi yangu, tusidanganyane. Ndani kwako ni kuzuri, mtu anaweza kula sakafuni bila sahani. Ila nje kunafukuza watu. Siku hizi mteja ananunua kwa macho, miguu inafuata baadaye."

Nilimwambia kwamba miguu yake mwenyewe ifuate njia iliyomleta. Akaenda zake. Lakini neno lilibaki. Alasiri ile nikavuka barabara, nikaketi kwenye baraza ya jirani yangu wa mkabala, mama mwuza maandazi ambaye tumeishi kwa kutazamana tangu watoto wetu wanatambaa, nikaanza kuitazama nyumba yangu.

"Unatafuta nini, jirani?" aliniuliza.

"Naitazama nyumba yangu."

"Imefanya nini?"

"Imezeeka."

"Mmezeeka wote. Hata wewe nikikupeleka sokoni leo, dalali atapata kazi."

Sikucheka, lakini alikuwa amesema kweli. Miaka yote ile nilitoka mlangoni nikitazama mbele, kwenye maandazi yake na kwenye barabara. Kuigeukia nyumba yenyewe sikugeuka. Sasa niliiona kama wanavyoiona wapitaji. Matone ya mvua za miaka yalikuwa yamerusha udongo mwekundu ukutani hadi usawa wa magoti, nyumba ikaonekana kama mtu aliyevuka tope na kukataa kunawa. Upande wa kulia kulikuwa na bluu kali, iliyopakwa zamani na watu wa kutangaza sabuni. Walitupa rangi ya bure na sisi tukawapa ukuta, na sasa kilichobaki ni nusu ya picha ya mwanamke anayecheka bila kidevu. Ua wa minyaa ulikuwa umepanda hadi madirishani. Banda la kuku liliegemea baraza. Karibu na dirisha la kushoto palikuwa na ufa uliopinda, mrefu kama mkono wangu. Na mlango ulikuwa wa kijani kilichobanduka, chini yake manjano, chini yake kijani kingine, kwa sababu marehemu mume wangu hakuiacha Idi ipite bila kuupaka rangi.

Nilitazama hadi adhana ya magharibi. Nikasema moyoni kwamba yule kijana wa viatu vyeupe hakunitukana.

Fedha ya mafundi sikuwa nayo. Nilikuwa na mikono na ulimi, na watu wa Ipuli wanajua kwamba ulimi wangu ni mkali kuliko shoka. Kesho yake nilianza na minyaa peke yangu. Mmea ule una utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa. Kwa hiyo niliwafukuza watoto wote waliokuja kutazama, nikajifunga kitambaa usoni, nikakata nikiwa nimegeuza kichwa pembeni. Nilipofika katikati nikasikia panga jingine likikata kutoka upande wa pili. Alikuwa mama mwuza maandazi, naye kajifunga kitambaa kama mwizi.

"Nani kakuita?" nikamwuliza.

"Hakuna. Nimechoka kuutazama ua wako."

Siku iliyofuata walikuja wanawake sita, na siku ya tatu sikuwahesabu tena. Sikupiga ngoma ya msaragambo, ile ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja; walijiita wenyewe. Mmoja alileta ndoo za mchanga, mwingine chumvi ya mawe, mwingine mfuko wa chokaa uliobaki alipopaka chumba cha mwanawe aliyeoa. Fundi mmoja mwashi, ambaye mama yake nilimfundisha kupima mchele nilipokuwa na meza sokoni, alituazima mwiko na mbao ya kusawazishia. Banda la kuku walilihamishia nyuma likiwa na kuku wake ndani, na kelele zilizotoka humo zilifika reli.

Namna tulivyofanya kazi naieleza kwa sababu huenda ikamfaa mtu. Kwanza tulipasugua ukutani kwa magunzi ya mahindi na maji hadi vumbi lote likaondoka, maana chokaa haishiki juu ya vumbi. Udongo wa kichuguu tuliuponda, tukauchekecha, tukauchanganya na mchanga na kinyesi cha ng'ombe, tukaziba mashimo yote, na ule ufa pia. Chokaa tuliiloweka usiku kucha, asubuhi tukatia chumvi ili isiachie mikononi mwa wageni, tukapaka mara mbili kwa majani ya mkonge yaliyopondwa ncha. Yule mwanamke wa sabuni alikataa kufunikwa. Mara ya kwanza alitokeza macho, mara ya pili meno.

"Mwacheni," alisema mmoja wao. "Huyo ndiye atakayemkaribisha mnunuzi."

"Pakeni," nikasema. "Katika nyumba hii nacheka mimi, na mimi sijacheka."

Wakaangua kicheko, nami nikalazimika kugeukia ukuta. Tulimpaka mara ya tatu, akatulia. Chini, kutoka ardhini hadi magotini, tulipaka mkanda mweusi wa masizi na udongo, kama nyumba za zamani, ili tope la mvua litakaporuka lisionekane. Barazani nikapiga udongo mwekundu kwa kiganja, nusu duara kwa nusu duara, nilivyofundishwa na mama yangu. Kazi hiyo sikumwachia mtu. Nilipomaliza nilikuta nimezungukwa na wanawake vijana waliokuwa wakiutazama mkono wangu, nami nikawaambia kwamba wanaotazama wasipojaribu wanapoteza mchana. Wakajaribu. Wawili walijua; waliobaki niliwarudisha hadi wakajua.

Ukabaki mlango. Mwashi aliyekuwa ametuazima mwiko alichukua kipande cha chupa iliyovunjika, akaanza kuukwangua. Rangi zikatoka tabaka kwa tabaka, Idi moja baada ya nyingine, mpaka chini kabisa ukatokea mti wenyewe. Ulikuwa mninga, mwekundu wa kahawia, wenye mistari kama maji yanayopita juu ya mchanga. Nilisahau kabisa kwamba tulikuwa na mlango wa mninga. Mume wangu aliuagiza tulipojenga, kisha akaona aibu kwamba majirani wana milango ya rangi na sisi tuna mti mtupu. Tulikaa zaidi ya nusu ya maisha yetu tukiuficha uzuri kwa gharama.

Dalali alipita, akasimama, akavua kofia. "Bibi! Hapa sasa tunaongea." Akasema anaye mteja wa kweli, muuguzi wa kike aliyechoka kupanga, naye atamleta Jumamosi asubuhi. Akashauri ninunue vanishi. Nikamwambia kwamba baba zetu walipaka nta kabla vanishi haijazaliwa.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu.

Nyuma ya nyumba yangu, njia ya tatu, anakaa mzee mmoja mrina asali. Kwao ni Usoke. Ni Mkatoliki, mtu wa Jumapili na rozari, na katika misitu ya huko ana mizinga ambayo yeye mwenyewe hajui idadi yake. Nilimwendea Alhamisi kuomba nta.

"Nta ninayo," alisema, "ila haijachemshwa. Ina masega, ina asali, ina gundi ya nyuki. Nipe siku mbili niichemshe na kuichuja."

"Siku mbili sina. Nta ni nta."

"Mama, nta si nta. Hiyo ni ya—"

"Nimekuja kuomba nta, sikuja kuomba mafundisho."

Alinitazama, akaingia ndani, akaniletea bonge kubwa jeusi lililofungwa kwenye jani la mgomba. Hakunitoza chochote. Nilimshukuru kwa midomo, nikaondoka na haraka yangu. Nikaiyeyusha nta ile pamoja na mafuta kidogo ya karanga, nikaupaka mlango, fremu zake, na mbao ya juu yake hadi kwenye upenyo ulioko kati ya mbao na ukuta. Nilitumia bonge lote. Mlango uling'aa, na barabara nzima ikanukia asali. Mama wa maandazi alisema kwamba angekuwa na fedha angeinunua nyumba ile ili aulambe mlango.

Ijumaa mchana waliingia nyuki watatu, wanne, wakazunguka juu ya mlango, wakaondoka. Walirudi zaidi. Nilidhani ni dalili njema, nikawaacha.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimesimama barazani, nimevaa kanga mpya, nikiwaona dalali na yule muuguzi wakija kwa miguu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye mwavuli. Nilimwona anapunguza mwendo akiitazama nyumba, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mnunuzi ukifunguka. Hapo hapo nikasikia sauti kama ya lori linalopanda mlima kwa mbali. Nilitazama juu. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa msituni, chini chini, likizunguka.

Sikukimbia. Sema nilitembea upesi. Dalali yeye alikimbia, na kiatu kimoja cheupe kikabaki barabarani. Nyuki walishuka juu ya mlango wangu kama maji yanayomiminwa, wakashikana, wakaning'inia kwenye mbao ya juu, rundo refu kama mtoto wa mwaka mmoja. Njia ya kuingia ndani ikawa imefungwa.

Tulikutana sote kwenye baraza ya mama mwuza maandazi. Muuguzi alikuwa amefunga mwavuli, anahema. Nilingoja aniage. Moyoni nilikuwa nimekwisha mwona mdogo wangu akihesabu hatua zake tisa kwenye tope.

"Mama, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

"Mimi ni Mzaramo," akasema, akakaa vizuri kwenye benchi. "Nilijua Wanyamwezi ni wachawi wa kubeba mizigo tu. Sikujua kwamba mkitaka kuuza nyumba mnaweka walinzi."

Wazaramo ni watani wetu. Wazee wetu walipobeba meno ya tembo kwenda pwani walipita kwao, wakala kwao, wengine wakafia mikononi mwao, na tangu wakati huo Mzaramo akinitukana sina ruhusa ya kukasirika. Ruhusa niliyonayo ni ya kumrudishia.

"Walinzi ni kwa ajili yenu," nikamjibu. "Mzaramo akiingia nyumba ya watu bila kulindwa, jioni hata chungu hakionekani."

"Chungu gani? Nyinyi mliokuja kwetu uchi, tukawavika?"

"Mlitutoza nguo hizo kwa ng'ombe."

Mama wa maandazi alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Akaleta chai ya tangawizi na sahani ya maandazi, akasema kwamba kwenye vita yeye huuza kwa pande zote mbili, lakini leo ni bure. Dalali alirudi kukichukua kiatu chake, akaketi mbali, juu ya ndoo.

Mzee wa Usoke alifika akiwa na kofia mkononi. Alisimama kati ya barabara, akalitazama lile rundo muda mrefu, akaja polepole.

"Mwangaluka," alitusalimu kwa Kinyamwezi, kisha akanigeukia. "Mama, ni nani aliyekufundisha kutega?"

"Kutega nini?"

"Mzinga. Sisi tukitundika mzinga mpya tunausugua mlangoni kwa nta mbichi yenye gundi, ili nyuki wanaohama wausikie. Wewe umesugua mzinga wenye vyumba vinne na baraza. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na mzinga mzuri hivyo."

Akaniambia hilo bila kunikumbusha nilivyomkata maneno siku ya Alhamisi. Heshima ile sitaisahau. Akasema kundi limeshiba asali na halina ukali, ila kwa jua lile asingewagusa; angekuja na mzinga wa magome na moshi saa kumi, jua likipoa. Yaani saa sita nzima. Nilimgeukia muuguzi nikijua kwamba ana shughuli zake.

"Leo nimepumzika kazini," alisema. "Na hapa pana chai."

Basi tukakaa. Tuliongea mengi, lakini nililoliona ni kwamba macho yake hayakuacha kuitazama nyumba. Wateja wengine waliitazama kwa pumzi moja. Huyu alilazimishwa na nyuki kuitazama tangu jua la asubuhi hadi kivuli kilipoingia barazani. Aliona chokaa ikibadilika kutoka nyeupe hadi rangi ya maziwa. Aliona watu wanavyopita na kunisalimu. Aliuliza maji yanatoka siku zipi, na mtaa unalala saa ngapi, na mama wa maandazi ndiye aliyejibu zaidi, maana mimi nilikuwa nimenyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu ya ufa. Ulikuwa chini ya udongo wa kichuguu na chokaa, karibu na dirisha la kushoto, na hakuna aliyeweza kuuona. Nilipouziba sikuwaza hila. Nilikuwa naziba kila shimo. Lakini mtu akikaa nawe saa nyingi, akanywa chai nawe, akakutania, ufa ule unaanza kukuwasha kama upele. Nilijua kwamba nikisema huenda akaondoka. Nilijua pia aliye nyuma yangu, kule Urambo, anayesubiri chumba.

"Mwanangu," nikamwambia, "karibu na dirisha lile pana ufa. Tumeuziba juu. Ndani sijui umeshuka hadi wapi."

Dalali aliinama akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza.

"Kwa sababu mimi nitakuwa Urambo na wewe utakuwa umelala ndani."

Aliniuliza Urambo kuna nini. Nikamweleza habari za mdogo wangu, kwa kifupi, kwani sipendi kuuza kitu kwa machozi. Alisikiliza kama wasikilizavyo wauguzi, bila kusema pole nyingi. Aliuliza tu anatumia dawa gani ya macho na kama mishipa inamuuma.

Saa kumi mzee wa Usoke alikuja na mzinga wake begani. Alipuliza moshi wa kinyesi kikavu, akaukinga mzinga chini ya rundo, akaipiga ile mbao ngumi moja. Nyuki wakadondoka ndani kama mchele gunioni. Waliobaki walifuata wenyewe, wakiingia kwa mstari. Hakuvaa chochote cha kujikinga isipokuwa shati lake. Mtaa mzima ulisimama kimya, na alipofunga mzinga walipiga makofi, naye akaona haya kama bwana harusi. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akasema kwamba mwenye kuomba radhi ni yeye, maana anaondoka na kundi la nyuki kwa bonge moja la nta.

Muuguzi akaingia, akaona vyumba, akagonga ukuta kwa kidole karibu na dirisha, akaaga. Hakusema ndiyo wala hapana. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Dalali hakupita mtaani kwetu. Usiniulize nilivyolala.

Siku ya nne alirudi na mwashi wake mwenyewe, mtu mfupi asiyecheka, ambaye alichimba chini ya dirisha kwa tindo, akalala kifudifudi akatazama, akainuka. "Msingi mzima," alisema. "Ufa ni wa lipu na tofali mbili za juu. Kazi ya siku moja."

Yule Mzaramo akanigeukia. "Mama, wewe ungenyamaza ningekuta ufa huu mwenyewe wakati wa mvua, na ningeamini nyumba nzima ni uongo. Nainunua. Ila hiyo nta uniondolee, mimi sitaki wapangaji."

Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi niliweka kidole gumba, na sikuona aibu. Mlango tuliuosha kwa majivu na maji ya moto, wanawake wanne, na mzee wa Usoke akatuletea nta iliyochemshwa na kuchujwa mara tatu. Aliipaka mwenyewe. Hakuniruhusu kugusa.

Nataka iandikwe kwamba sikuwalipa watu wale, wala hawakutaka. Nimekuwa mkali maisha yangu yote. Nimewagombeza kwa uchafu wa mitaro, kwa watoto wasiosalimu, kwa mchele uliopimwa vibaya. Nilidhani wananivumilia. Kumbe nilikuwa nimepandwa katikati yao kama nguzo, na nguzo haijui ni nyaya ngapi zimefungwa kwake mpaka siku ya kung'olewa. Siku niliyoondoka walinijazia basi vitu hadi kondakta akauliza kama nahama peke yangu au na Ipuli yote.

Chumba cha Urambo kiliezekwa siku tatu kabla ya mvua ya kwanza. Mdogo wangu alipapasa kuta zake zote kwa viganja, kona hadi kona, akasema kwamba mwashi alikunywa pombe alipofika upande wa mashariki. Nilipotazama vizuri nikaona kwamba ni kweli, ukuta umevimba.

Asubuhi iliyofuata aliniamuru nivae. Nilidhani anataka nimshike mkono. Kumbe yeye ndiye aliyenishika mimi. Alitangulia na fimbo yake kwenye njia za katikati ya mashamba, akinionya penye mzizi na penye shimo, akanipitisha nyumba kwa nyumba. Kila tulipofika alisimama uani, akangoja watu watoke, akanisukuma mbele kidogo kama mtoto anayeandikishwa shule.

"Huyu ni dada yangu mkubwa," aliwaambia. "Ametoka mjini, huku hajui njia. Mkimwona amepotea, mrudisheni kwangu."

Nami, ambaye sijawahi kutii mtu, niliinama nikasema asante katika kila nyumba.